Mhakiki Asiyekagua

Ganjoni, Mombasa
Jumamosi, baada ya alasiri

Riziki mwanangu,

Salamu ulizipokea asubuhi, na dua utazipata kesho kabla gari halijaondoka, kwa hivyo leo niache nianze na ghadhabu. Umevuka kwenda Likoni kumuaga bibi yako, na namjua mamangu, hatakuachilia mpaka ule. Basi nina saa mbili tatu za kukaa peke yangu na kalamu. Habari za baridi ya Nairobi, na sweta, na kufunga mlango vizuri, shangazi yako ataziimba mpaka uchoke. Mimi nina habari ya karatasi uliyonionyesha leo asubuhi, na ya Twahir.

Kwanza elewa kwamba sikuandikii ili nikutulize. Twahir sijamsamehe. Siku uliponiambia kazi uliyoipata Nairobi ni katika kampuni yake, na kwamba umeiomba kwa jina la baba yako na babu yako ili asijue wewe ni wangu, nilikugombeza kwa sababu mama hugombeza. Lakini nilipoingia jikoni nilicheka. Nilisema moyoni, ehe, sasa atanitambua. Wako watu watakaokwambia kisasi ni kibaya, mwachie Mungu. Mimi si miongoni mwao. Nilishalipiza kisasi changu mara moja, na siku mbili za kwanza kilikuwa kitamu, sitakudanganya.

Wewe unaijua nusu ya habari hii. Nilikupa mwenyewe ulipokuwa shuleni: kwamba niliandika programu, kwamba Twahir aliichukua, kwamba nilitoka. Nusu ya pili sijampa mtu yeyote, hata baba yako, Mungu amrehemu, alikufa hajui.

Nilikuwa karani wa kupiga chapa. Ofisi ya Twahir ilikuwa Mji wa Kale, nyuma kidogo ya Ngome ya Yesu, ghorofani, na chini yake kulikuwa na mtu anayewauzia watalii vinyago. Kazi yetu ilikuwa kuwatolea watu mizigo bandarini: mteja ameagiza gari au magunia ya mchele, sisi tunatafuta hati zake zote, tunazipeleka forodha, mzigo unatoka. Twahir alikuwa ndiye bwana kwa sababu baba yake alikuwa ndiye bwana. Makarani tulikuwa wawili, mimi na Bwana Kenga.

Bwana Kenga ni Mrabai, mtu mzima, mzee wa kanisa lao kule kwao. Alikuwa akizijua fomu za forodha kama wewe unavyoijua njia ya kwenda msalani gizani. Na alikuwa na mazoea yake. Karatasi yoyote iliyogusa meza yake aliigonga muhuri wa kupokea, wenye tarehe na jina la ofisi, kisha akatia saini ndogo pembeni. Karatasi yoyote, Riziki. Siku moja nilimpelekea maandazi yamefungwa kwenye gazeti, akaligonga gazeti muhuri kabla hajalifungua. Tulicheka mpaka Twahir akatoka chumbani kwake kutuuliza kama tumelipwa kucheka.

Mwaka wa tisini na moja, Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza matumbawe alikuwa anarudi kwao, akamuuzia Twahir kompyuta yake. Nyeusi tii, nzito, na sanduku la vitabu juu yake. Twahir aliinunua kwa sababu mshindani wake alikuwa nayo moja. Ilikaa miezi minne imefunikwa kitambaa. Nikamwomba ruhusa nijifunze baada ya kazi, akasema, "Jifunze, Bi Mwanamkasi, lakini usiivunje." Nikaanza na kitabu mkono huu na kamusi mkono huu. Wewe ulikuwa unakuja kutoka shule, unakaa chini ya meza yangu unafanya hesabu zako. Unakumbuka.

Nilipofika kwenye sura ya itifaki nilikifunga kitabu, nikasimama dirishani. Unalijua jambo hili, nilikufundisha mwenyewe, lakini acha nilieleze tena, kwa sababu nataka uone nilivyolipenda. Programu ile ilikuwa ya vitu. Kila kitu ndani yake kina kazi yake, na vinazungumza kwa kutumiana ujumbe. Sasa itifaki si kitu. Itifaki ni orodha ya ahadi tu, haina kazi hata moja ndani yake. Inasema: yeyote anayetaka kuitwa Mhakiki, ajue kupokea hati, ajue kuzikagua, na akiulizwa kama zimetimia ajibu ndiyo au la. Basi. Haimuulizi ni mwana wa nani, wala anakagua kwa njia gani. Nikaandika Mhakiki wa magari, yeye hutazama namba ya chesisi na cheti cha kuuzia. Nikaandika Mhakiki wa vyakula, yeye hutazama barua ya watu wa afya. Programu iliyobaki haina habari ni yupi yuko pale. Inamuuliza Mhakiki, Mhakiki anajibu, kazi inaendelea. Ukimng'oa huyu ukamweka mwingine, madhali naye anatimiza ahadi zile zile tatu, hakuna anayehisi.

Kulikuwa na njia nyingine, ya kurithi, ambapo kitu kinazaliwa na kingine na kuchukua kila cha mzazi wake, kizuri na kibaya. Nilipomweleza Twahir njia zote mbili, hiyo ya kurithi ndiyo aliyoipenda. Si ajabu. Mtu aliyerithi ofisi, na ngazi za ofisi, na kiti cha ofisi, angependa nini kingine?

Mashine nilikuwa nikiipata saa moja na nusu kwa siku, kwa hivyo itifaki zote niliziandika kwanza kwa mkono, katika madaftari ya shule. Madaftari matatu. Kila jioni nilimwachia Bwana Kenga daftari mezani, kwa sababu yeye ndiye aliyejua mzigo gani unataka hati gani. Alikuwa akisoma na kalamu nyekundu. "Hapa umesahau kibali, Bi Mwanamkasi." "Hapa forodha hawataki nakala, wanataka yenyewe." Hakujua hata neno moja la lugha ya kompyuta, lakini ahadi alizielewa zote, na makosa yangu aliyaona kabla mashine haijayaona. Asubuhi nilikuta daftari limerudi mezani pangu.

Miaka miwili. Programu ikawa inafanya kazi, na kazi iliyokuwa ikituchukua siku nzima ikawa inatuchukua muda wa kunywa kahawa. Na sasa nakuambia kosa langu la kwanza, ambalo sikulijua kuwa ni kosa kwa sababu lilinijia kwa sura ya fahari. Twahir alisimama nyuma yangu siku moja akaniuliza kwa upole, "Na ukiugua je, Bi Mwanamkasi? Si tutakwama?" Nikamgeukia, nikamwambia, na mpaka leo nikikumbuka natamani kujiuma ulimi, nikamwambia, "Bwana Twahir, hata nikifa leo. Itifaki zipo. Mtu yeyote anayeijua lugha hii, hata kama hajaniona maishani mwake, atasoma itifaki, ataandika kipande chake, atakichomeka pale, na programu haitajua kama nimekufa."

Alitabasamu, akanipigapiga begani. Nilimpa kisu, tena nikamnolea.

Haikupita miezi mitatu. Akawaalika mawakala wenzake katika ukumbi wa hoteli, awaonyeshe programu, awauzie. Aliniambia nije nikae karibu na mashine isije ikakorofika. Nikavaa buibui langu jipya. Ilipowashwa, kwenye kioo, pale palipokuwa na jina langu, palikuwa na lake. Nilidhani nimeona vibaya. Kisha akaanza kusema, na maneno yalikuwa yangu. Mpaka mfano wa Mhakiki wa magari ulikuwa wangu, na mpaka mzaha niliokuwa nikiutia katikati. Mtu mmoja akauliza, "Bwana Twahir, hii kaiandika nani?" Akasema, "Mimi mwenyewe. Miaka miwili sijalala vizuri." Kisha akaninyoshea kidole, watu wote wakageuka. "Bi Mwanamkasi yule kanisaidia kupiga chapa."

Nilinyamaza. Hilo nalo linaniuma, kwamba nilinyamaza, na nilitabasamu, kwa sababu watu sitini wakikutazama uso hufanya mambo yake. Jumatatu akaniambia nina wiki moja ya kukabidhi. Nikamuuliza kosa langu. Akasema, bila hata kuinua macho, "Kosa huna. Wewe mwenyewe ulisema, hata ukifa."

Sasa nusu ya pili.

Wiki ile niliandika Mhakiki wa magari mwingine. Unajua mashine inavyoangalia itifaki. Inataka ahadi zote tatu ziwe na jibu. Ikikosa moja, inakataa programu nzima, inakulalamikia. Lakini haina njia ya kujua kama jibu ni la kweli. Mtu anaweza kuahidi kukagua, akapewa hati, akazitia mfukoni, akasema ndiyo, na mashine itampokea kwa mikono miwili kwa sababu amejibu. Mhakiki wangu mpya alikagua kwa haki miezi mitatu, ili nisishukiwe. Baada ya hapo akaacha kukagua. Gari lenye hati zote, ndiyo. Gari lisilo na hati hata moja, ndiyo. Nilimwandika polepole, neno kwa neno, kwa raha kubwa, kama mtu anayetia pilipili katika chakula cha mgeni asiyempenda. Nilimwona Twahir mbele ya maofisa wa forodha, fomu mkononi, jasho linamtoka. Nilitaka aaibike mbele ya watu. Sikutaka pungufu ya hapo.

Na ikawa. Miezi mitatu na siku chache baadaye muuza vinyago wa chini nilikutana naye Marikiti, akaniambia, "Kwenu kuna moto, Bi. Magari ya watu yamezuiliwa bandarini, wateja wanapiga kelele mpaka barabarani." Unakumbuka siku ile nilipopika pilau Jumanne, ukaniuliza, "Mama, leo kuna nini?" nikakwambia, hakuna, kula? Ndiyo ilikuwa siku hiyo. Mtenda akitendewa huona kaonewa, nilisema, na nikaongeza nyama.

Siku ya tatu muuza vinyago aliniambia yaliyosalia. Twahir alikuwa amemwita mtaalamu kutoka Nairobi. Yule mtu alikaa, akasoma itifaki, akamng'oa Mhakiki wangu, akaandika wake, akamchomeka, na kabla ya adhana ya alasiri programu ilikuwa inakwenda kama kwamba hakuna kilichopita. Hakuna aliyehisi. Nilikuwa nimeijenga vizuri mno, mwanangu. Ningekuwa fundi mbaya, ingemvunjikia yote mikononi. Kile kile kilichomwezesha Twahir kuning'oa mimi ndicho kilichomwezesha kuning'olea na kisasi changu.

Lakini wateja walikuwa wanataka shingo. Magari yalikuwa yamezuiliwa, lazima pawe na mtu. Na chini ya kila orodha iliyokwenda forodha bila hati kamili palikuwa na muhuri na saini ndogo pembeni. Bwana Kenga, yule ambaye zamani alikuwa akikagua kila karatasi kwa jicho lake mwenyewe, alikuwa ameacha kukagua, akawa anagonga tu kila mashine iliposema ndiyo. Na aliiamini mashine kwa sababu alimjua aliyeiandika.

Twahir alimwandikisha barua ya kukiri uzembe mbele ya wateja, akamfukuza mchana ule ule. Miaka kumi na tisa ya kazi. Habari ikafika Rabai kabla yake, na kanisani wakamwondoa katika uzee wa kanisa, ati mtu mzembe. Muuza vinyago aliniambia kwamba aliposhuka zile ngazi alikuwa akirudia neno moja, "Ningeangalia. Ningeangalia mwenyewe."

Wala sikwenda kwake. Kwanza nilisema, nikienda Twahir atajua, atanishtaki. Baadaye nikasema, Kenga ni mtu wa Mungu, hakosi kupata pa kujishikiza. Baadaye tena nikawa sisemi kitu, nikifungua darasa langu la kompyuta hapa sebuleni, nikikufundisha wewe na watoto wa watu itifaki, na kila mara nikifika kwenye Mhakiki natumia mfano mwingine.

Sasa nikwambie kwa nini Twahir yuko Nairobi amenona na mimi niko hapa. Mwaka jana nilikwenda kwa wakili na madaftari yangu matatu. Nilikuwa nimesikia anaiuza programu kwa nusu ya mawakala wa nchi hii, na roho haikunipa. Wakili alifungua daftari la kwanza, akafunua kurasa, akanyanyua macho. Kila ukurasa, Riziki. Kila ukurasa una muhuri wa ofisi ya Twahir mwenyewe, na tarehe, na saini ndogo pembeni, miaka miwili kabla ya siku ile ya hotelini. Alikuwa akiyagonga yakigusa meza yake, kwa mazoea tu, kama lile gazeti la maandazi, nami nilikuwa nimeuzoea muhuri ule hata siuoni. Wakili akacheka kwa furaha. Akaniambia, "Bi, huyu bwana amekwisha. Lakini muhuri mtu anaweza kusema umeibwa. Aliyegonga yuko hai?" Nikasema yuko. "Basi mlete aseme yeye ndiye aliyegonga, na aliyekuwa akiyaandika ni wewe." Nikasema nitamleta.

Ni mwaka na zaidi. Nitamleta vipi? Nitamwambiaje, Bwana Kenga, njoo unisaidie kumwangusha Twahir, bila kumwambia ni nani aliyekuangusha wewe? Twahir anadhani yuko salama kwa sababu ya ujanja wake. Si kweli. Yuko salama kwa sababu mimi naona haya.

Na leo asubuhi ukaniwekea karatasi yako mezani. Nilisoma mistari mitatu nikajua ni nini. Mhakiki. Ahadi tatu, na majibu ya uongo. Sikuwahi kukwambia nilichokifanya, na wewe umekifikia mwenyewe. Ukaniambia, "Mama, wakati huu hawatamng'oa. Nimemgawa vipande vitano, kila kipande kinatimiza itifaki yake. Wakitoa kimoja vinne vinabaki." Na ni kweli, hawatamng'oa kwa urahisi. Ni kazi nzuri kuliko yangu. Nilijivunia, wallahi, kabla sijaanza kuogopa. Nikakuuliza, "Na kule Nairobi anayegonga muhuri ni nani?" Ukasema, "Sijui, Mama. Karani fulani." Ukaendelea kukunja nguo.

Sikuweza kusema nawe pale. Ndiyo maana naandika.

Disketi yako, uliyomtia Mhakiki wako huyo, sikuigusa. Iko pale pale ulipoiweka, kwenye sanduku, chini ya leso mbili nilizokununulia. Ningeweza kuifuta nikakuachia utupu, uje ujue ukishafika Nairobi. Nimefanyiwa mambo nyuma ya mgongo wangu, sitakufanyia wewe. Isitoshe, dawa ya moto ni moto, nami bado naamini hivyo. Ninachotaka ni moto uende kwa mwenye nyumba.

Jana ulirudi Mwembe Tayari na tiketi, ukaniambia mzee anayeandika majina ya abiria pale kwenye ofisi ya mabasi amekutazama usoni akakuuliza, "Wewe si binti wa Bi Mwanamkasi?" Ukasema ndiyo. Akakupa kiti cha mbele, cha dirishani, akakwambia nisalimiwe sana, na kwamba siku nyingi hajaniona. Uliniuliza ni nani, nikakwambia mtu tuliyewahi kufanya kazi pamoja, kisha nikaingia kuoga nikafungua maji yote.

Ndiye huyo. Hajaniona siku nyingi kwa sababu miaka minne hii, kila nikipita Mwembe Tayari, navuka barabara.

Kesho sitavuka. Tutakwenda mapema, wewe na mimi, kabla ya abiria kujaa, nami nitakuwa na madaftari yangu kikapuni. Nitamsabahi, nitamuuliza hali ya nyumbani kwake kama inavyopasa, kisha nitamwambia yote niliyokwandikia hapa, mbele yako. Nataka umtazame usoni wakati nikisema. Usinitazame mimi. Ukishamtazama, utapanda gari lako, na disketi ukitaka kwenda nayo nenda nayo. Mimi sitakuuliza tena. Utakuwa umeshamwona yule unayemwita karani fulani, na hilo linatosha.

Akikubali kufuatana nami kwa wakili, basi Jumatatu asubuhi tuko mlangoni, na Twahir atakiona cha mtema kuni, mbele ya watu, kwa muhuri wake mwenyewe. Nitavaa lile buibui. Akinitukana nitapokea. Akininyanyulia mkono, Riziki, usimzuie.

Lakini namjua Bwana Kenga, na kofi silo ninaloliogopa. Naogopa ataniangalia, kisha aseme, "Basi, Bi Mwanamkasi, yamepita," kama walivyo watu wa kanisa lake. Maana akiweza kunisamehe mimi atamsamehe na Twahir, na hatakwenda kwa wakili wala kwa hakimu. Twahir atalala usingizi wake mpaka kufa, na nitakuwa sina la kumwambia Kenga, kwa sababu nitamwambiaje mtu kwamba msamaha wake haukuwa ndio nilioufuata?

Nimekaa na swali hilo tangu ulipofunga mlango, na sijui, mwanangu. Sijui kama kesho nakwenda kwake kwa ajili yake au kwa ajili ya Twahir. Akisema yamepita, nitazame mimi basi, uone uso wangu umefanya nini, uniandikie kutoka Nairobi uniambie.

Mamako,
Mwanamkasi